Mzee Aliyekubali Kila Kitu

Mliponiaga pale idarani kwa keki na leso mbili, mmoja wenu alisema niandike niliyoyaona kazini, yasije yakazikwa nami. Sawa. Ila nawaonya mapema kwamba vyeo sitaviandika, maana havikuwa vingi, na mishahara sitaitaja, maana nusu yenu mtanicheka na nusu mtaenda kutafuta pasipoti. Nitaandika habari za woga. Watu hudhani sisi wa tiba ya usemi hukaa na watoto tukiwafundisha kusema "baba" na "mama", kisha tunakwenda kunywa chai. Mimi nimeingia kazini miaka yote hiyo tumbo likinisokota, na mara nyingi tumbo lilikuwa na haki.

Nilianza nikiwa mwalimu wa watoto wasiosikia huko Machakos. Tiba ya usemi niliisomea ukubwani, darasani nikiitwa mama na wenzangu. Kisha ikaja ile miaka baada ya elfu mbili na kumi, mawakala wakizoa Wakenya ndege nzima nzima kuwapeleka Saudia, dada wa kazi za nyumbani, madereva, walinzi, wauguzi. Nami nikazolewa.

Nilifikia Jeddah, kwenye kituo cha kurekebisha wagonjwa, mwendo mfupi wa teksi kutoka Balad, mji wa kale. Siku ya kwanza mtu wa ofisini alichukua pasipoti yangu akisema ni ya kushughulikia ikama, yaani kibali cha kuishi kule, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Niliutazama ule ufunguo ukiingia mfukoni mwake, na nawaambieni, chakula cha mchana hakikupita. Halafu nikapewa koti jeupe, na kuanzia hapo nikawa "doktora". Kule kila mwenye koti jeupe ni daktari, hata fundi wa mashine ya hewa.

Aliyenilea kazini ni Ustadh Abdelrahim, Msudani mwembamba aliyekunywa chai ya sukari nyingi na kusema maneno machache. Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha salamu na kushukuru. Akanisikiliza kidogo, akasema, "Wewe chukua kumeza. Koo halina lugha." Mjue kwamba kazi yetu ina vyumba viwili ndani ya nyumba moja: kusema na kumeza. Njia ni ile ile, misuli ni ile ile, na kiharusi kikipita hapo huvunja vyote viwili. Basi yeye akawa mtu wa maneno, mimi nikawa mtu wa koo.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwanamume mnene aliyepooza upande mmoja. Nilimpa maji kwa kijiko, akanywa kimya, hakukohoa, nikafurahi. Ustadh akanishika vidole akaviweka juu ya koromeo la yule mtu. "Ngoja," akasema. Koromeo halikupanda. Maji yalikuwa yakishuka mapafuni taratibu, na mwenyewe hana habari. "Anayepaliwa akakohoa, mshukuru Mungu," Ustadh akaniambia. "Asiyekohoa ndiye wa kuogopa." Tangu siku hiyo vidole vyangu havikuacha koo la mtu mpaka nilipolisikia likipanda.

Watoto nilijifunza kwa kumtazama yeye. Kulikuwa na kivulana kimoja cha Kihijazi ambacho hakikuwa kimetamka kitu, na mama yake alikuwa na hofu kwamba amekaliwa na jini. Ustadh hakubishana habari za jini. Alitia biskuti kwenye mtungi wa kioo, akafunga kifuniko kwa nguvu, akauweka mezani, akanyamaza. Kilio kikaanza. Mama akasema tunamtesa mwanawe. Ustadh akangoja mpaka mtoto alipomtazama usoni, ndipo akafungua. Kesho yake vile vile, na wiki iliyofuata. Siku moja kile kivulana kikamsukumia mtungi na kusema, "Iftah," yaani fungua. Mama alikaa sakafuni palepale akalia. Kuwasiliana si mdomo, Ustadh alikuwa akisema. Ni mmoja kutaka jambo na mwingine kulielewa, iwe kwa jicho, kwa mkono au kwa sauti. Mengine yote ni mapambo.

Baadaye nikahamishiwa Riyadh. Nilikaa mtaa wa Malaz, ghorofani, pamoja na wauguzi wawili, na kliniki ikawa inanituma nyumbani kwa wagonjwa. Dereva wetu alikuwa Otieno, kijana wa Siaya, mwenye utani wa kutosha gari mbili. Ndiye aliyenipeleka mtaa wa Al-Malqa, kwenye nyumba ya Abu Saleh.

Abu Saleh alikuwa mfanyabiashara mzee, mtu wa heshima. Kiharusi kilikuwa kimemwacha mkono wa kulia umekufa na maneno yameondoka yote. Alibaki na tabasamu la nusu uso na kichwa kinachoitikia. Ukimwuliza kama amelala vizuri, anaitikia. Ukimwuliza kama anaumwa, anaitikia vile vile, kwa upole ule ule. Kwa wagonjwa wa namna hii ni jambo la kawaida. Swali hufika likiwa limevunjika, na kichwa hujibu ndiyo kwa sababu ndiyo ndilo jibu lililozoeleka. Niliwaeleza watu wa nyumba hiyo wasiuamini mwitikio wa kichwa. Wakaitikia nao, kisha wakaendelea kuuamini.

Aliyemlisha ni Kalekye, dada wa kazi kutoka Mwingi, Mkamba mwenzangu. Wao walimwita Kaleki. Kwa kuwa vinywaji vyepesi vingempalia mzee, nilimfundisha Kalekye kutia unga mweupe wa hospitali ambao hukifanya kinywaji kiwe kizito kama uji, kiteremke polepole. Tulifundishana jikoni, kwa Kiswahili na Kikamba tulipochoka. Kopo lilikuwa kubwa na kifuniko chake kigumu, hivyo akatia unga kidogo kwenye chupa ya kioo iliyokuwa ya bizari, iwe karibu na mkono. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko wauguzi wengi niliowahi kuwafundisha.

Halafu ikaja ile siku. Tulipofika langoni Otieno hakuzima injini.

"Daktari," akasema, na sauti haikuwa na utani, "dere wao ameniambia hapa kuna noma. Wanasema yule dada amemroga mzee. Polisi wanaitwa. Si turudi tu Malaz, tuseme umeshikwa na tumbo?"

Sisi Wakamba nyumbani tunataniwa uchawi mpaka harusini, na wenyewe hucheka, hata huutumia kuwatisha wezi wa kuku. Kule hakuna anayecheka. Sihiri ni kesi ya upanga. Tulikuwa tumesikia habari za watu walioingia kwa kesi hiyo na hawakutoka, na sisi wageni tulizisimulia kwa sauti ya chini hata tukiwa peke yetu chumbani. Ningependa kuwaambia kwamba nilishuka garini kwa ujasiri. Nilishuka kwa sababu unga ulikuwa wangu na jina langu liliandikwa kliniki, kwa hiyo hata nikirudi Malaz wangejua pa kunipata. Na Kalekye alikuwa mle ndani.

Nilimwona kwenye korido, kasimama kwenye mlango wa jikoni, kanga kaifunga kichwani kama mtu wa matanga.

"Auntie, mimi nimeisha," akaninong'oneza. "Madam ameniona nikiweka hiyo unga kwa kahawa ya mzee, akapiga nduru. Nimemwambia ni ya hospitali, hataki kusikia. Wamechukua simu yangu. Auntie, usiniache."

"Siendi popote," nikamwambia, nikaingia.

Katika majlisi, sebule yao ya wageni, Abu Saleh alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mwanawe mkubwa, Saleh, alisimama kando yake na simu mkononi. Alikuwa mhandisi, mtu mtaratibu, hajawahi kunipandishia sauti, na siku hiyo pia hakunipandishia. Hilo ndilo lililonitisha. Mke wa Saleh, madam Hind, alikuwa mlangoni ndani ya abaya. Mezani kulikuwa na ile chupa ya bizari.

"Doktora, hiki ni nini?"

Nikamweleza. Nikachovya kidole, nikaulamba ule unga mbele yao.

"Huenda ni huo," Saleh akasema, "na huenda umechanganywa na kitu. Wewe hukuwapo alipoutia kwenye chupa hii. Au ulikuwapo? Nyinyi wawili huongea nini huko jikoni, kwa lugha yenu?"

Sasa tulikuwa watuhumiwa wawili.

"Tunaongea habari za kumlisha Baba," nikasema.

"Tumemwuliza Baba mwenyewe. Nimemwuliza kwa mdomo wangu: Kaleki amekufanyia sihiri? Ameitikia. Nikarudia, akaitikia tena. Na usiniambie akili yake imeruka. Sheikh amekuja kumsomea, na Baba amesoma pamoja naye Alhamdu kutoka mwanzo hadi mwisho, haikuanguka herufi. Mtu anayesoma hivyo atamsingizia mtu?"

Hapa nisikilizeni, maana mtakutana nalo. Yale tuliyoyahifadhi tangu utoto, sala, nyimbo, kuhesabu, salamu, hayakai mahali pamoja na yale maneno tunayoyaunda upya kila tukitaka kusema jambo. Kiharusi kinaweza kuiba haya na kuyaacha yale. Nimewaona wazee wa kanisa kwetu wakiimba wimbo mzima na hawawezi kuomba maji. Lakini nimweleze nani? Mimi Mkristo, mwanamke, mgeni, nisimame katika majlisi ile niseme kwamba kusoma Kurani kwa mzee si ushahidi? Kila sentensi niliyoifikiria niliiona ikitembea moja kwa moja kunipeleka kituo cha polisi.

"Aya ziko moyoni mwake," nikasema polepole, nikichagua Kiarabu changu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Hakuna aliyeziondoa, alhamdulillahi. Kilichoumia ni njia ya kujibu swali. Niruhusu nikuonyeshe."

Nikamgeukia mzee. "Baba, leo tuko Jeddah?"

Abu Saleh akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Saleh naye akatabasamu, bila furaha. "Doktora, wewe ni mgeni wake. Baba yangu hajawahi kumkatalia mgeni neno maishani mwake. Mwambie tuko mwezini, atakubali."

Na alisema kweli. Nilikuwa nimemjua mzee yule kwa muda wa kutosha. Jaribio langu lilikufa palepale, na kwenye korido nilimsikia Kalekye akivuta pumzi. Lilibaki jambo moja, nami sikutaka kulisema.

"Basi mwulize wewe," nikasema. "Wewe si mgeni."

"Nimwulize nini?"

"Mwulize kama ni wewe uliyemfanyia."

Madam Hind alitoa sauti. Nami nikajua kwamba kama nimekosea, hakuna Otieno wala kliniki wala ubalozi utakaonisaidia. Kisha Saleh akapiga goti mbele ya kiti, akaushika mkono ulio mzima wa baba yake.

"Yuba," akasema, ndivyo wanavyowaita baba zao. "Ni mimi? Ni mimi Saleh niliyekufanyia sihiri?"

Mzee akamtazama kwa mapenzi, akaitikia kwa kichwa.

"Yuba, mimi? Mwanao?"

Akaitikia tena, na tabasamu lake la nusu uso.

Saleh alibaki pale chini. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeanza hata kumshukuru Mungu wangu kimoyomoyo, aliposimama na macho mekundu akasema, "Halas, basi. Baba hayupo tena. Nimekaa miezi nikizungumza na kiti."

"Na kama Baba hajui," mkewe akasema, "basi hakuna anayejua ni nini kilitiwa humo. Kaleki apelekwe polisi. Wakaulize wao, kama hana kitu watamrudisha."

Sote tulijua hawamrudishi. Saleh aliitazama simu yake. Hofu niliyoipata hapo ilikuwa ya aina mpya, sijapata tena nyingine kama hiyo. Nilikuwa nimemwondoa shahidi wa uongo, na sikuwa na wa kweli wa kumweka mahali pake. Zaidi ya hayo nilikuwa nimemwambia mtu kwamba baba yake amekufa akiwa hai, na huo haukuwa ukweli.

Mtu akikosa la kufanya kule, hufanya gahwa, kahawa yao. Saleh alichukua dele, birika la gahwa lililokuwa mezani, akajimiminia kwenye finjani, kile kikombe kidogo kisicho na mkono, akakishika bila kunywa. Ndipo Abu Saleh akanyoosha mkono wake wa kushoto. Hakuna aliyemwuliza swali. Alinyoosha tu, kwenye gahwa.

"Anataka," nikasema haraka. "Lakini ikiwa nyepesi hivyo itamwingia mapafuni. Lazima itiwe unga. Unga ule."

Saleh akaangalia chupa, akaangalia mlango. "Aje autie yeye. Mbele yetu."

Kalekye akaingia. Alitia unga kwenye gahwa ile, akakoroga, akangoja ushike, kama nilivyomfundisha, bila kuharakisha hata akiwa katika hali ile. Saleh akamwambia aonje. Akaonja kwa kijiko. Nami nikaonja bila kuambiwa. Kisha finjani ikawekwa mkononi mwa mzee.

Nikaweka vidole kooni kwake. Fikirini, wanangu. Kama angepaliwa hapo, kama angekohoa kikohozi kimoja tu, ingekuwa sumu mbele ya mashahidi. Na asingekohoa pia nisingetulia, kwa sababu hiyo mnayoijua. Nikamwinamisha kidevu. Akanywa. Nikangoja, na koromeo likapanda, zito na taratibu, likashuka. Akatoa pumzi, "ah," na sauti ilikuwa kavu, haina maji. Akanywa yote kwa mafunda madogo mpaka finjani ikaisha.

Saleh akainua dele ili amwongezee. Sasa niwaeleze desturi ya kule. Finjani ina adabu zake, na mtoto hufundishwa hata kabla ya kusoma. Ukitaka tena, unainyoosha imetulia. Ukitosheka, unaitikisa kidogo huku na huku, na mwenye dele haongezi.

Abu Saleh akaitikisa.

Saleh akasimama na dele hewani. Tangu kiharusi hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amemwona mzee akikataa kitu.

"Yuba?" akasema, na kuinamisha dele tena. Mzee akaitikisa tena finjani, kwa nguvu zaidi, kama mzazi anayemwambia mtoto wake nimekwisha kusema. Kisha akaugeuza mkono wake wa kushoto kwa shida, bega likimvuta, mpaka finjani ikaelekea kwa Kalekye. Akainyoosha. Ilitulia.

Kalekye alinitazama mimi, hajui afanye nini na mikono yake, na mzee aliendelea kungoja, mkono ukianza kumchoka lakini hautikisiki. Madam Hind akaondoka mlangoni. Saleh akaitia simu mfukoni. Akasogea akampa Kalekye dele, kwa mikono miwili, na akabaki amesimama karibu naye kichwa kimeinama.

Kalekye akamimina, akatia unga, akakoroga, akangoja ushike. Mimi nikarudisha vidole vyangu kooni kwa mzee, maana kumeza kwa pili huua sawasawa na kwa kwanza.